Fuata maji: jinsi ya kutembelea makumbusho ya zimamoto Winnipeg

Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, umekaa katikati ya tambarare isiyo na kilima cha kuzuia upepo. Usiku wa Januari kipimo hushuka kwa wastani hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na ikifika 35 chini ya sifuri hakuna mwenyeji anayeshangaa. Katika mji huo, Mtaa wa Maple namba 56, kuna kituo cha zamani cha zimamoto, Kituo Na. 3, kilichojengwa mwaka 1904 enzi za farasi na kutumika kwa zaidi ya miaka themanini. Sasa ni makumbusho.

Wageni wengi huingia, hupiga picha magari mekundu, na baada ya dakika ishirini wameshatoka. Wameona magari, lakini kisa chenyewe kimewapita. Kuzima moto mahali ambapo maji hugeuka jiwe kabla hayajafika kwenye moto ni kazi ya aina yake, na karibu kila kifaa ndani ya jengo hilo kiliundwa au kilirekebishwa kwa sababu hiyo. Ukiingia na swali moja tu, yaani maji haya yalizuiwaje yasigande, vitu vilivyoonekana kama vyuma vikuukuu vitaanza kusema.

1. Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Makumbusho haya huendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao askari wa zimamoto waliostaafu. Hayafunguliwi kila siku kama duka. Anwani ya intaneti inaweza kuonyesha saa za kiangazi huku nje ni Februari, nawe ukafika na watoto wanne ukakuta mlango umefungwa na theluji haina alama ya mguu hata mmoja.

Piga siku mbili tatu kabla. Asipopokea mtu, acha ujumbe wenye jina, namba na siku unayotaka kuja. Mara nyingi hupiga wenyewe. Uliza mambo manne: siku na saa za kufunguliwa, kiingilio ni kiasi gani na kama wanapokea kadi, kama kuna ngazi na mgeni asiyeweza kupanda atafikia wapi, na kama kundi lenu linaweza kupewa mtu wa kuwatembeza. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kuzungushwa na mzee aliyefanya kazi ya faya miaka thelathini kuna thamani kuliko kibao chochote cha maelezo. Kama mmoja wenu hajui Kiingereza vizuri, na Winnipeg ina familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko Afrika Mashariki, sema mapema kwamba mtakuwa na mkalimani wenu, ili anayewatembeza asiende kasi.

Beba noti ndogo ndogo. Hata kama kadi inakubaliwa, sanduku la michango halina mashine, na michango hiyo husaidia makumbusho yaendelee.

Ukitaka kuikwepa baridi, mwishoni mwa Mei mji hufungua bure majengo mengi ya kihistoria kwa wikiendi moja. Angalia kama kituo kimo kwenye orodha ya mwaka huo. Lakini kwa maoni yetu, anayekuja Januari anaelewa zaidi: akiushika mlango wa chuma kwa mkono mtupu, nusu ya somo ameshalipata.

2. Vaa kwa ajili ya nje na ndani pia

Jengo lina milango mikubwa ya magari na sakafu ngumu. Usidhani utavua koti ukabaki na shati kama uko maktaba.

Tabaka tatu zinatosha: nguo ya ndani inayobana mwili na isiyo ya pamba (pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu na kukugandisha), sweta zito la sufu au la manyoya ya sintetiki, na koti la kuzuia upepo lenye kofia. Suruali ya jinzi peke yake haifai. Soksi moja nene ni bora kuliko mbili zinazobana kiatu, kwa sababu vidole vya mguu vinahitaji nafasi ya hewa. Kwa watoto chagua glovu za mfuko, zile zinazoweka vidole vinne pamoja. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto.

Kabla ya kutoka tazama kipimo cha baridi pamoja na upepo, usitazame cha hewa pekee. Kikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika kumi hadi thelathini. Kikipita 40 chini ya sifuri, ni dakika tano hadi kumi. Pua, masikio na mashavu ndivyo vinavyotangulia. Doa jeupe lisilo na hisia likitokea usilisugue wala usilipake theluji. Lifunike kwa kiganja chenye joto na uingie ndani.

Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri hushuka ghafla kwenye baridi na kuzimika hata ikionyesha nusu. Kamera nayo iingie ndani ikiwa kwenye begi lililofungwa zipu, na ikae humo nusu saa. Ukiitoa mara moja, mvuke wa ndani utatanda juu ya lenzi na hata ndani yake. Wenye miwani wasubiri dakika mbili mlangoni.

3. Kufika

Kituo kiko Point Douglas, karibu na makutano ya Higgins na Main, upande wa kaskazini mwa katikati ya mji. Ukija kwa basi usifuate maelekezo ya zamani uliyotumiwa na jamaa: njia za mabasi ya Winnipeg zilipangwa upya Juni 2025 na namba nyingi zilibadilika. Tumia kipangaji safari cha Winnipeg Transit, idara ya mabasi ya mji, au piga 311, namba ya huduma za mji. Dereva harudishi chenji, kwa hiyo uwe na kadi ya nauli au sarafu kamili. Pigia hesabu muda wa kusimama kituoni, kwa kuwa dakika kumi na tano kwenye upepo wa Higgins si sawa na dakika kumi na tano Kariakoo.

Ukija na gari, lichomeke umeme nyumbani saa tatu nne kabla, ule waya unaopasha injini. Gari lililokaa usiku kucha bila kuchomekwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri huenda lisiwake asubuhi.

4. Anzia nje, kwenye bomba la barabarani

Kabla hujaingia, tafuta haidranti, lile bomba fupi la chuma linalosimama kando ya barabara. Lisimamie dakika mbili tu. Ndani yake, wakati huu, hakuna maji.

Katika miji isiyo na baridi kali, haidranti inaweza kukaa na maji hadi juu. Winnipeg ikifanya hivyo, maji yangeganda, yangetanuka kwa takriban tisa kwa mia, na yangepasua chuma. Kwa hiyo valvu, yaani kizibo cha kufungulia na kufungia maji, haiko juu pale unapoliona bomba. Iko chini kabisa, kwenye kina ambacho baridi haifiki, zaidi ya mita mbili ardhini. Juu kuna nati tu. Askari anapoizungusha kwa spana yake ndefu, fimbo ya chuma inayopita katikati ya bomba hufungua valvu kule chini, na maji hupanda. Akifunga, tundu dogo chini ya bomba hufunguka na maji yaliyobaki hutiririka kwenye kokoto zilizozikwa pale. Bomba linabaki kavu.

Penye hitilafu ndipo penye somo. Askari mgeni akifungua nusu, lile tundu la chini halizibi sawasawa, maji hutoka kwa nguvu na kula udongo chini ya bomba. Kwa hiyo kanuni ni kufungua hadi mwisho. Udongo wa Winnipeg nao ni mfinyanzi mzito usionyonya maji. Kokoto zikijaa, maji hayana pa kwenda, hubaki ndani na kuganda. Mahali pa namna hiyo tundu huzibwa, na kila baada ya kutumika bomba hunyonywa kwa pampu ya mkono. Kulisahau mara moja ni kuwaachia wenzako wa zamu ijayo gogo la barafu.

Kina chenyewe nacho si ahadi. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 ardhi iliganda kwenda chini kuliko kawaida, na zaidi ya nyumba elfu mbili mjini zilikosa maji kwa kuwa mabomba yake yaliganda chini kwa chini.

5. Sakafu ya chini: soma jengo kabla ya magari

Ukishaingia, usikimbilie gari. Geuka uitazame milango, kisha dari, kisha sakafu. Hili lilikuwa jengo la farasi. Katika vituo vya enzi hiyo mazizi yalikuwa nyuma au kando ya magari, na milango yake ilifunguka yenyewe kengele ilipolia. Farasi waliofundishwa walitoka bila kuongozwa wakasimama mahali pao mbele ya gari. Juu yao kulikuwa na mikanda na lijamu zimening'inizwa darini, zimetandazwa tayari. Askari alivuta, zikashuka mgongoni, kola ikabanwa shingoni kwa kufuli moja. Kazi yote ilimalizika chini ya dakika moja.

Ukiona kola ya farasi ya zimamoto, itazame kwa karibu. Ya mkokoteni wa kawaida ni duara isiyofunguka, huvishwa kupitia kichwani. Hii ina bawaba juu na kufuli chini. Uliza kama unaweza kuonyeshwa inavyofunga, usiiguse bila ruhusa: ngozi ya miaka mia na ushee hupasuka.

Uliza pia kuhusu magari ya kuteleza. Theluji ikishakuwa nyingi, magurudumu yalizama. Vikosi vya tambarare hii vilibeba mipira ya maji na ngazi juu ya magari yenye mbao za kuteleza badala ya magurudumu.

6. Pampu ya mvuke

Ukikuta pampu ya mvuke, au hata picha yake ukutani, hapo simama sana. Inafanana na birika kubwa la chuma lililowekwa juu ya magurudumu, huku shaba na nikeli zikimetameta. Birika hilo ndilo boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na mbele yake zimo pampu. Kubwa za aina hiyo zilisukuma lita elfu mbili hadi nne hivi kwa dakika. Hesabu madumu mia ya lita 20 yakimwagwa kila dakika, na hicho ni kima cha chini.

Sasa tafuta bomba dogo chini ya boila linaloelekea sakafuni. Boila lenye maji baridi huchukua muda kutoa mvuke, na nyumba inayoungua haisubiri. Tena kituo kikipoa usiku, maji ndani ya boila yangeganda na kupasua mirija yake. Dawa ilikuwa jiko lililowekwa kituoni, ambalo lilizungusha maji moto ndani ya boila usiku na mchana kupitia bomba hilo. Pampu ilipovutwa na farasi, viungo vilijiachia na valvu zikajifunga. Kuni kavu zilikuwa zimeshapangwa tumboni. Moto uliwashwa gari likiwa mwendoni, na lilipofika lilikuwa na mvuke au karibu kuwa nao.

Muulize mwenyeji wako: pampu ilipomaliza kazi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, walifanya nini kwanza? Jibu ni kumwaga maji kwenye kila koki kabla mikono haijafa ganzi. Kisha muulize alivyofanya yeye kwenye gari la dizeli. Jibu halijabadilika sana.

7. Gari la kemikali

Watu hulipita, na ni kosa. Ni tangi la shaba lililojazwa maji yaliyochanganywa na magadi ya kuumulia unga, na ndani yake chupa ya asidi, ileile ya maji ya betri. Tangi lilipopinduliwa au chupa kumwagwa, asidi ilikutana na magadi, gesi ya kaboni ikafura, na kani yake ikasukuma maji nje kupitia mpira mwembamba. Halikuhitaji mvuke wala haidranti. Moto mdogo ulizimwa kabla pampu kubwa haijafika. Ubaya wake: likishaanza halisimami hadi liishe, asidi huunguza ngozi na nguo, na tangi lililoliwa na kutu lingeweza kulipuka.

8. Mipira na mnara

Chukua hesabu hii uende nayo kwenye rafu za mipira. Kipande kimoja cha mpira wa zimamoto kina urefu wa mita 15 hivi. Ule wa kipenyo cha milimita 65 ukijaa hubeba karibu lita 50 za maji, yaani kilo 50. Maji yakisimama ndani yake kwenye baridi kali, unabaki na gogo la barafu la kilo 50 lililoganda kwa umbo la pale lilipolala, na vipande hivyo vimeungwa kumi, kumi na tano, kutoka bombani hadi kwenye nyumba.

Ndiyo maana askari wa huku hafungi kabisa nozeli, ule mdomo wa mpira wa maji, wakati wa baridi. Huacha maji yatiririke kidogo, hata yakimwagika bure barabarani, kwa kuwa maji yanayotembea huchelewa kuganda. Mpira ukishaganda haukunjwi, maana kitambaa chake hukatika kwenye kona. Hupakiwa garini ulivyo, mrefu kama mbao, ukapelekwa kituoni kuyeyushwa.

Baada ya hapo inua kichwa uuone mnara. Si wa mapambo. Mipira ya zamani ilikuwa ya pamba nje na mpira ndani. Ikiwekwa mbichi huoza. Ilivutwa juu ya mnara kwa kamba na kuachwa ining'inie hadi maji yote yashuke na hewa ya joto kutoka kituoni iikaushe. Nyumbani kwenye jua la Dodoma ungeianika uani ukamaliza.

9. Kengele

Kabla ya simu kuenea, mtaani kulikuwa na masanduku ya chuma yenye mkono wa kuvuta. Ndani yake mna gurudumu lenye meno. Ukivuta, gurudumu linazunguka na kila jino linakata umeme wa waya kwa nukta moja. Kituoni kengele inalia na mashine inatoboa utepe wa karatasi. Ukipata utepe wa zamani, hesabu matundu: matatu, nafasi, moja, nafasi, manne. Hilo ni sanduku 314, na askari hutazama kitabuni liko kona ipi. Sanduku halikusema nini kinaungua, wala halikujua kama aliyelivuta ni mtoto mtundu.

Baadaye ikaja namba moja ya dharura, na hapa Winnipeg ina haki ya kujivuna. Mwaka 1959 ulikuwa mji wa kwanza Amerika Kaskazini kuweka namba moja, 999, ambayo ilibadilishwa kuwa 911 mwaka 1972. Ukiwa na watoto, hapa ndipo pa kuwakumbusha namba ya huku na anwani ya nyumbani kwao. Aliyezoea 114 ya Tanzania anaweza kuipiga kwa mazoea siku ya hofu.

10. Picha za waliokufa

Makumbusho ya namna hii huwa na mahali pa kuwakumbuka askari waliokufa kazini. Jumba la Winnipeg Theatre liliungua tarehe 23 Desemba 1926, siku mbili kabla ya Krismasi, na askari wanne wakafa. Vueni kofia, watoto wanyamaze. Huenda mzee anayewatembeza naye amezika wenzake. Asipotaka kueleza, usimsukume.

Picha za moto wa baridi zitazame polepole. Jengo limefunikwa barafu kutoka paa hadi chini, ngazi zimenenepa kwa barafu, makoti yamesimama magumu kama mabati. Maji yote uliyoyafuata tangu nje yameishia pale.

11. Watoto

Uliza ni gari lipi wanaruhusiwa kupanda. Pengine lipo moja, pengine hakuna. Nguzo ambayo askari waliteremkia kutoka ghorofani hairuhusiwi hata ikionekana salama: kuteremka bila kufundishwa huvunja kifundo cha mguu. Helmeti ya kujaribu huwapo mara nyingi. Wape kazi ya kutafuta koki zote za kumwagia maji kwenye gari moja, na watakaa nusu saa bila kulalamika. Kwa jumla tenga dakika tisini.

12. Malizia James Avenue

Usirudi nyumbani bado. Mwendo wa dakika kumi na tano hivi kusini, Mtaa wa James namba 109, kuna nyumba ya pampu ya mwaka 1906. Oktoba 1904 moto mkubwa uliteketeza maduka ya Barabara ya Main. Maji ya visima vya mji hayakutosha kwa moto wa ukubwa huo, na maji machafu ya Mto Assiniboine yakaruhusiwa kuingia kwenye mabomba yaleyale ya kunywa. Homa ya matumbo ikafuata. Mji ukajenga mfumo wa pili kabisa: mabomba ya shinikizo kubwa ya zimamoto pekee, yanayovuta maji ya Mto Red bila kugusana na ya kunywa. Injini zake za gesi zilitoka kwa Crossley wa Manchester. Ulifanya kazi hadi 1986.

Leo jengo lina mgahawa, na mashine zimebaki mahali pake. Weka nafasi mapema kama ni wikiendi, omba meza inayotazama mitambo, na kabla hujaketi ukaribie ukingo uone ukubwa wa magurudumu yake. Kisha toka nje, vuka hadi ukingo wa mto. Januari utauona umeganda, na watu wakitembea juu yake. Maji yaliyokuwa yakivutwa yalikuwa chini ya barafu hiyo.